Neno la Mtu Mmoja Kinywani mwa Mwingine: Makosa ya Data katika Modeli za Bayes

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu isimu ya Kiswahili imetegemea sikio la mtafiti na daftari lake. Mtafiti alikwenda uwandani, akasikiliza, akaandika, kisha akarejea na mifano ambayo aliipanga chini ya kanuni za sarufi. Alipokosea, kosa lake lilikuwa la kibinadamu: alisikia vibaya, au aliandika kwa haraka. Katika miongo ya karibuni ameingia mshiriki wa tatu baina ya daftari na hitimisho, naye ni programu ya kompyuta inayokokotoa modeli za takwimu. Mshiriki huyu ana makosa ya aina yake, na mafunzo ya isimu hayamwandai mwanafunzi kuyatambua.

Makala haya yanashughulikia makosa ya data yanayojitokeza wakati wa kukadiria modeli za Bayes. Hoja yake kuu ni kwamba makosa yanayoisimamisha programu si ya kuogopwa sana. Ya kuogopwa ni yale ambayo programu huyapokea bila kunung'unika, na ambayo hayawezi kugunduliwa kwa kuitazama modeli peke yake. Hoja hiyo inaelezwa kwa kufuata kisa cha mtafiti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, tangu aliporudi kutoka uwandani hadi siku alipolazimika kulifungua tena daftari lake.

2.0 Swali la Utafiti

Nomino za ngeli ya 9/10 zinazotaja viumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya 1/2 katika vitenzi na vivumishi vingi: ng'ombe mkubwa amekuja, ng'ombe wakubwa wamekuja. Katika vimilikishi mambo si mepesi hivyo. Husemwa rafiki yangu na rafiki zangu, ndugu yangu na ndugu zangu. Na kwa wanyama, katika wingi, husikika ng'ombe wangu na pia ng'ombe zangu. Mtafiti alitaka kujua ni nani husema wangu na ni nani husema zangu, na kama umri wa msemaji una nafasi yoyote katika uchaguzi huo.

Alikaa na wafugaji, vijana kwa wazee, akirekodi mazungumzo yao na kuyaandika. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja ambaye hakupenda kunukuliwa vibaya. Siku moja mtafiti alirudia maneno yake ili kuhakikisha kuwa ameyasikia sawasawa, akasema "ng'ombe wangu". Mzee alimkatiza: "Sikusema hivyo, binti yangu. Watoto ndio wangu. Ng'ombe ni zangu." Mtafiti aliomba radhi, akaiandika sentensi hiyo pembeni mwa ukurasa, akaendelea na kazi. Wakati huo hakujua kwamba mstari huo wa pembezoni ndio ungeiokoa tasnifu yake.

Aliporudi, aliyahamisha maandishi yake kwenye jedwali. Kila tukio la kimilikishi lilipewa mstari mmoja wenye safu tano: msemaji, umri, aina ya nomino (mtu au mnyama), nomino yenyewe, na kimilikishi kilichotumika. Safu zilitenganishwa kwa alama ya tabo, yaani ule mruko wa nafasi unaowekwa kwa kibonye kimoja.

3.0 Modeli za Bayes na Tabia Yake ya Kujibu

Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza, alifariki mwaka 1761. Insha yake kuhusu uwezekano ilichapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake, Richard Price. Kiini cha fikra yake chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtu huanza na makisio kuhusu jambo asilolijua, hukutana na ushahidi, kisha huyarekebisha makisio yake kwa kadiri ya ushahidi huo. Makisio ya mwanzo huitwa uwezekano wa awali. Yale yaliyorekebishwa ni uwezekano wa baada ya ushahidi.

Kwa modeli zenye vigeu vingi ukokotoaji huo haukuwa rahisi kabla ya kompyuta. Mradi wa BUGS ulianza Cambridge mwaka 1989. Programu ya JAGS ya Martyn Plummer ilielezwa mwaka 2003. Na Stan, iliyopewa jina la mwanahisabati Stanislaw Ulam, ilitolewa mwaka 2012. Hizi ndizo zilizoyafikisha mawazo ya Bayes mezani pa mwanaisimu. Mtafiti wa kisa hiki alichagua Stan, akiiendesha kutoka ndani ya programu ya R.

Kuna tabia moja ya modeli hizi inayofaa kuelezwa mapema, kwa kuwa makosa mengi hujificha nyuma yake. Chukua msemaji mmoja. Tuseme makisio ya awali ni sawa na kumsikia akisema zangu mara 2 na wangu mara 2. Kisha asikike mara 10, na katika hizo mara 8 aseme zangu. Wastani wa uwezekano wa baada ya ushahidi utakuwa 10 kwa 14, yaani takriban 0.71. Sasa nusu ya ushahidi ipotee, zibaki mara 5, ambazo 4 ni za zangu: jibu litakuwa 6 kwa 9, yaani takriban 0.67. Upotee ushahidi wote: jibu litakuwa 2 kwa 4, yaani 0.50. Katika hali zote tatu modeli imejibu. Haikukataa wala haikuuliza ushahidi umekwenda wapi. Mahali palipobaki patupu palijazwa na makisio ya awali.

Kwa mwenye data chache tabia hii ni neema, kwani humwezesha kusema jambo la kiasi badala ya kunyamaza. Ila kwa mwenye data zilizoharibika bila yeye kujua, neema hiyo hiyo hugeuka kuwa mtego.

4.0 Makosa Yaliyopiga Kelele

Jaribio la kwanza lilikwama mara moja. Stan ilitoa ujumbe kuwa thamani iliyopewa ni 2, ilhali inapaswa kuwa kati ya 0 na 1. Mtafiti alitumia siku nzima akiikagua modeli, akabadilisha uwezekano wa awali mara kadhaa, na ujumbe ukabaki ule ule. Kosa halikuwa katika modeli. R ilipoyageuza maneno kuwa tarakimu, iliyapanga kialfabeti na kuyahesabu kuanzia moja: wangu likawa 1, zangu likawa 2. Modeli yenye matokeo mawili hutaka 0 na 1. Kutoa moja katika kila thamani kulitosha kuliondoa tatizo, lakini ilibidi kwanza kuhakikisha kuwa safu ina maneno mawili tu. Kama pangalikuwa na zangu lenye nafasi tupu mwishoni, kompyuta ingalilihesabu kuwa neno la tatu, ingawa jicho la mtu haliwezi kuona tofauti.

Jaribio la pili nalo lilikwama. Safari hii umri wa msemaji mmoja haukuwa tarakimu. Mzee alipoulizwa umri wake alijibu "sabini hivi", na mtafiti, kwa uaminifu, aliandika 70 hivi. Neno hilo moja liliifanya safu nzima ya umri isomwe kama maandishi. Ilipogeuzwa kuwa tarakimu, mahali pa mzee huyo paliachwa patupu, na Stan haipokei mahali patupu katika data.

Inafaa kuona kwamba kosa hilo hilo lingeweza kupita kimya. Kabla ya toleo la R 4.0.0 la mwaka 2020, safu yenye maandishi iliposomwa kwa njia ya kawaida iligeuzwa papo hapo kuwa orodha ya makundi. Aliyeigeuza orodha hiyo kuwa tarakimu bila uangalifu hakupata umri, bali namba ya kundi. Msemaji wa miaka 23 angeweza kuwa 1, na wa miaka 45 akawa 2. Modeli ingekokotolewa bila tatizo, na kijiji kizima kingekuwa cha watoto. Vilevile JAGS, tofauti na Stan, hupokea pengo katika safu ya matokeo. Hulichukulia kuwa kitu kisichojulikana na kulikadiria pamoja na vingine. Huo ni uwezo wenye manufaa pale ambapo mtafiti anajua pengo lipo na kwa nini lipo. Asipojua, atakuwa amepokea makadirio mahali alipodhani pana ushuhuda.

Makosa haya mawili yalimsumbua mtafiti, lakini hayakumdhuru. Yalimzuia kupita hadi alipoyatatua.

5.0 Kosa Lililonyamaza

Baada ya hapo modeli ilikwenda vizuri. Minyororo yote minne ya ukokotoaji ilikubaliana, na vipimo vya muafaka vilikuwa karibu na 1 kama vitabu vinavyoelekeza. Matokeo yalionyesha kwamba umri hauna athari ya kutajika katika uchaguzi wa wangu na zangu. Mtafiti alianza kuandika sura ya nne ya tasnifu yake. Alikwisha kueleza, kwa kurasa kadhaa, kwa nini vijana na wazee wa jamii ile wanazungumza namna moja.

Ilibaki kuchora mchoro wa makadirio ya kila msemaji. Katika mchoro huo, upande wa wale wanaopendelea wangu, alimwona yule mzee.

Mtu asiyewafahamu wasemaji wake angelipita jina hilo kama lilivyo, kwani katika mchoro lilikuwa nukta moja miongoni mwa nukta. Mtafiti alilisimamia. Alifungua daftari, akaukuta mstari wa pembezoni: watoto ndio wangu, ng'ombe ni zangu. Ama mzee alijikana mwenyewe katika mazungumzo yaliyofuata, jambo ambalo si ajabu kwa wasemaji, ama jedwali lilikuwa likimsingizia.

Alikwenda kwa msimamizi wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemaliza sura?"

"Nilidhani nimemaliza." Alimwonyesha mchoro na daftari. Alieleza kuwa alifikiria kumchukulia mzee huyo kama msemaji wa kipekee, au kuubana uwezekano wa awali ili nukta yake isogee.

Mwalimu hakuutazama mchoro. Aliuliza, "Modeli imesoma mistari mingapi?"

Mtafiti aliitaja idadi kama programu ilivyoitoa.

"Na daftari lina matukio mangapi?"

Hakujua. Idadi yote aliyokuwa ameiandika katika sura ya nne, ya matukio na ya wasemaji, aliipata kutoka kwenye programu yenyewe. Shahidi huyo huyo ndiye aliyekuwa anaulizwa kama shahidi anasema kweli.

"Basi usiuguse uwezekano wa awali," Mwalimu akasema. "Kahesabu."

6.0 Ritifaa

Alihesabu kwa mkono kwa siku mbili. Daftari lilikuwa na matukio mengi zaidi kuliko yale yaliyosomwa na programu, na pengo hilo halikuwa dogo. Wasemaji wengine hawakuwamo kabisa.

Chanzo kilikuwa alama ndogo kuliko zote katika othografia ya Kiswahili. Maandishi ya Kiswahili hutumia ritifaa kuitofautisha nazali ya kaakaa laini na mfuatano wa nazali na kipasuo: ng'oa ni kitendo cha kutoa kitu kilichoshikilia ardhini, na ngoa ni wivu. Kwa msomaji wa Kiswahili, ritifaa hiyo ni sehemu ya herufi. Lakini amri ya R iitwayo read.table, isipoelekezwa vinginevyo, huichukulia alama hiyo kuwa ni alama ya mtajo, sawa na zile zinazofungua na kufunga maneno ya mtu. Ikikutana nayo katika jedwali lililotenganishwa kwa tabo, huhesabu kuwa nukuu imefunguliwa, nayo husoma kila kinachofuata kama nukuu moja hadi itakapoikuta ritifaa nyingine ya kuifunga. Katikati humezwa tabo na hata mwisho wa mstari.

Chukua mistari mitatu. Katika wa kwanza, mzee wa miaka 71 anasema ng'ombe zangu. Katika wa pili, msemaji mwingine anasema mbuzi wangu. Katika wa tatu, kijana wa miaka 22 anasema ng'ombe wangu. Nukuu inafunguliwa baada ya ng ya mstari wa kwanza na kufungwa baada ya ng ya mstari wa tatu. Mistari mitatu imekuwa mmoja. Msemaji na umri vimetoka mwanzoni mwa mstari wa kwanza. Kimilikishi kimetoka mwishoni mwa mstari wa tatu. Na kila kilichokuwa kati yake kimesongamana ndani ya safu ya nomino. Msemaji wa pili hayupo tena. Kijana hayupo tena, ila neno lake limebaki, nalo limetiwa kinywani mwa mzee.

Mstari uliozaliwa hivyo una safu tano kamili, kwa hiyo programu haina cha kulalamikia. Idadi ya ritifaa ikiwa witiri, R hutoa onyo kwamba faili limekwisha kabla ya nukuu kufungwa. Ikiwa shufwa, haisemi lolote. Katika faili la mtafiti ilikuwa shufwa. Safu ya nomino ndiyo peke yake ambayo ingefichua mambo, na modeli haikuitumia safu hiyo. Ilitumia aina ya nomino, iliyokuwa imeandikwa kabla yake.

Kwa hakika kimya kingi kina mshindo mkuu. Kila jozi ya ng'ombe iliunganisha umri wa mtu mmoja na usemi wa mwingine. Kama kulikuwa na tofauti kati ya wazee na vijana, jedwali liliichanganya hadi ikafifia, kisha modeli ikaripoti kwa uaminifu kuwa tofauti haipo. Aidha, mtafiti angeweza kuiarifu Stan idadi kamili ya wasemaji, na bado yule aliyepotea angepewa makadirio, kwa kuwa modeli ya ngazi humkadiria asiye na data kutokana na wenzake. Angeonekana katika mchoro, ana nukta yake na mipaka yake ya shaka, ilhali hakuna neno lake hata moja lililosikilizwa.

7.0 Mambo ya Kuzingatia

Katika kisa hiki yapo mambo kadhaa ambayo mtafiti wa Kiswahili anaweza kuyafanya kabla hajaikadiria modeli yoyote.

Kwanza, idadi ya mistari na ya wasemaji itoke katika daftari na iandikwe kabla ya faili kusomwa. Idadi inayotolewa na programu haiwezi kuithibitisha programu.

Pili, thamani zote tofauti za kila safu ziorodheshwe na kusomwa kwa macho, hata za safu ambazo modeli haizitumii. Orodha ya nomino ingekuwa na ng'ombe, mbuzi, rafiki na ndugu. Mahali pake mtafiti angekuta aya nzima, na kosa lingejulikana kwa dakika moja.

Tatu, mtafiti aamue mapema jinsi ritifaa itakavyosomwa. Katika R yatosha kuieleza amri kuwa hakuna alama ya mtajo yoyote katika faili. Pia achunguze kama programu ya kuandikia haikuibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, kwani kompyuta huzihesabu kuwa alama mbili, na ng'ombe huyo mmoja huwa wawili. Jambo la kufanana na hilo huwapata wanaoandika maneno kwa herufi kubwa. Kiunganishi na kikiandikwa NA, R hukisoma kuwa ni alama ya data isiyokuwapo, na neno hilo linalotumika sana katika Kiswahili likafutika katika safu yake.

Nne, mipaka ya data iandikwe ndani ya modeli yenyewe. Stan huruhusu kutangaza kuwa matokeo hayapungui 0 wala hayazidi 1, na kuwa umri hauwezi kuwa hasi. Tangazo hilo hukaguliwa data zinapopokelewa, na kosa ambalo lingenyamaza hulazimika kusema.

Tano, mtafiti asiweke tumaini kubwa mno katika ukaguzi wa kuilinganisha modeli na data. Ukaguzi huo hupima kama modeli inaweza kuzalisha data zinazofanana na zile ilizopewa. Ikiwa ilipewa jedwali lililomezwa, itafaulu kuzalisha majedwali yanayofanana nalo. Ni ukaguzi muhimu wa modeli, lakini si ukaguzi wa faili.

8.0 Hitimisho

Faili liliposomwa upya, mistari ililingana na daftari. Mzee alirudi upande wa zangu, wasemaji waliopotea walipata mistari yao, na tofauti ya umri iliyokuwa imefifia ilionekana. Kurasa za sura ya nne zilizoeleza kwa nini vijana na wazee wanazungumza namna moja ziliondolewa. Zilikuwa zimeandikwa kwa ufasaha, na hilo ndilo lililomtia mtafiti hofu zaidi: maelezo mazuri yalikuja kwa urahisi juu ya jambo ambalo halikuwapo.

Haitoshi kusema kuwa kosa lilikuwa la programu. R ilianza New Zealand katika miaka ya 1990, na kila programu hubeba mazoea ya maandishi ya walioiunda. Mwenye lugha ambayo ritifaa ni sehemu ya herufi zake anapaswa kuyajua mazoea hayo kabla hajaikabidhi programu maneno ya watu. Wala haitoshi kuwafunza wanafunzi nadharia ya Bayes bila kuwafunza kuhesabu mistari. Ingefaa kila tasnifu inayotumia modeli za takwimu iwe na aya moja inayoeleza matukio yalikuwa mangapi katika daftari, yalisomwa mangapi, na tofauti, kama ipo, ilitokana na nini.

Mzee aliyemkatiza mtafiti alitaka jambo moja tu: aandikwe kama alivyosema. Alikwisha kulidai mara ya kwanza kwa kinywa chake, mbele ya daftari. Mbele ya kompyuta hakuwapo, kwa hiyo wa kulidai kwa niaba yake alikuwa ni mtafiti.